Jike Naye Huimba: Historia ya Utafiti wa Nyimbo za Ndege Afrika Mashariki

Tiva ni ndege wa vichakani, mkubwa kidogo kuliko shore, mwenye mgongo mweusi na kifua cheupe. Kigamboni, Dar es Salaam, yupo popote palipobaki kichaka cha kumsitiri, kuanzia Mjimwema na Kibada hadi Gezaulole na Kimbiji. Kumsikia ni rahisi kuliko kumwona. Hutoa mbinja nzito mbili au tatu zenye mvumo wa kengele, na kabla mvumo haujaisha huingia sauti nyingine, mara mkoromo mkavu, mara mbinja ya juu zaidi. Asiyejua huamini kwamba huyo ni ndege mmoja mwenye sauti mbili. Kumbe ni wawili, dume na jike, kila mmoja kwenye tawi lake, pengine hata hawaonani kwa jinsi majani yalivyosongamana, na kila mmoja hutoa sehemu yake ya wimbo kwa wakati wake barabara.

Kupokezana huko ndiko kulikowavuta wataalamu wa sauti za ndege kuja Afrika Mashariki tangu katikati ya karne ya 20, na baada yao wataalamu wa ubongo. Waliyoyakuta huku yaliwalazimisha kuyaangalia upya mambo ambayo Ulaya na Marekani yalikwisha kuandikwa vitabuni kama kanuni, hasa kanuni iliyosema kwamba mwimbaji ni dume na jike ni msikilizaji.

Kwa maana ya kisayansi, ndege waimbao ni kundi moja lenye takriban nusu ya spishi zote za ndege duniani. Tiva yumo, chozi, mnana, chiriku, shore na shomoro wamo, na hata kunguru yumo. Kinachowatenga na kuku, njiwa au dudumizi ni kwamba wimbo wao haurithiwi mzima mzima. Jogoo aliyetotolewa kwenye mashine, asiyewahi kumsikia jogoo mwingine, atawika kama majogoo wote wanavyowika. Kinda la chiriku haliwezi hivyo. Lazima lisikilize wakubwa, likariri, lianze kwa kubwabwaja sauti zisizo na mpangilio, kisha liunyooshe wimbo kidogo kidogo kwa kulinganisha kile linachokitoa na kile lililokihifadhi kichwani. Uwezo huu ni nadra mno kwa wanyama. Binadamu anao, kasuku anao, nyangumi na popo kadhaa wanao, na mwaka 2005 iliripotiwa kwamba tembo jike kijana wa Tsavo, jina lake Mlaika, alikuwa akiiga muungurumo wa malori ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Sokwe, jamaa wa karibu kabisa wa binadamu, hana uwezo huo kwa kiwango cha kulinganishwa na kinda la ndege. Ndiyo maana anayetaka kujua mtoto hujifunzaje kusema ameishia mara nyingi kuchunguza ubongo wa kiumbe chenye uzito wa gramu chache.

Wenyeji wa pwani walizijua sauti za ndege kabla ya watafiti wowote. Mkulima wa Kigamboni aliye na shamba la mihogo humtambua dudumizi kwa mlio wake unaoporomoka, na kauli kwamba akilia mvua iko njiani inasikika hadi leo. Lakini elimu ya ndege iliyokuja na ukoloni haikuanza kwa kusikiliza. Ilianza kwa bunduki. Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyefanya kazi Zanzibar, na wakusanyaji wengine waliomfuata walipeleka Ulaya maelfu ya ngozi zilizokaushwa, na kutokana nazo Anton Reichenow wa Berlin alitoa kati ya mwaka 1900 na 1905 kitabu kikubwa cha ndege wa Afrika. Kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kilipata baadaye Mwingereza Reginald Moreau, aliyekaa huko kuanzia 1928 hadi 1946 na kuchunguza ndege hai kwa makini: viota vyao, idadi ya mayai yao, chakula chao. Kazi yake ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo sauti ilibaki nje ya hesabu, kwa sababu rahisi kwamba hapakuwa na namna ya kuichukua porini, kuirudisha nyumbani na kuipima. Ngozi iliyo ndani ya droo ya makumbusho haisemi lolote, na ndege wawili wanaofanana manyoya lakini wanatofautiana kabisa kwa wimbo waliwekwa droo moja.

Mabadiliko yaliletwa na chombo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mafundi wa maabara za simu za Bell nchini Marekani walitengeneza mashine ya kugeuza sauti kuwa mchoro. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1950 mashine ya aina hiyo ilifika Cambridge, Uingereza, mikononi mwa William Thorpe, mtaalamu wa wadudu aliyegeukia tabia za ndege. Ilimeza sauti ya sekunde 2.4 tu kwa wakati mmoja. Karatasi maalumu ilizungushwa kwenye pipa, na sindano yenye umeme ikawa inaichoma mstari kwa mstari kwa dakika kadhaa, hadi ikatokea picha: muda ukisoma kutoka kushoto kwenda kulia, sauti nene chini, nyembamba juu. Kwa mara ya kwanza wimbo uliopita kwa kufumba na kufumbua uliweza kuwekwa mezani na kupimwa kwa rula.

Thorpe alilea makinda ya ndege mdogo wa Ulaya wa jamii ya chiriku bila kuwasikilizisha wakubwa. Walipokua waliimba, lakini wimbo wao ulikuwa maskini: urefu wake ulikaribia wa kawaida, ila vifungu vyake havikupambanuka na mwisho wake haukuwa na ule mkunjo wa spishi yao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1954, na hapo ndipo utafiti wa kisasa wa kujifunza wimbo ulipozaliwa.

Nchini Kenya, ofisa wa utawala wa kikoloni Myles North alikuwa akizunguka na kinasa sauti katika wilaya alizopangiwa. Mwaka 1958 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilitoa santuri yake ya sauti za ndege wa Afrika, na kwa wasikilizaji wengi wa nchi za kaskazini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia tiva. Thorpe alipozipata sauti hizi, na baadaye alipokuja mwenyewe Afrika Mashariki kusikiliza, alikuta jambo ambalo ndege wa bustani za Cambridge hawakumwonyesha.

Kwanza ni suala la muda. Katika makala ya mwaka 1963 alipima tiva wa kifua chekundu, anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria. Jike hujibu sauti ya dume chini ya robo ya sekunde, na kilichomshangaza zaidi Thorpe ni jinsi nafasi hiyo isivyobadilika: jozi ileile hurudia wimbo wake mara nyingi na tofauti kati ya jibu moja na jingine huwa ni sehemu chache tu za mia za sekunde. Wanamuziki wawili waliozoeana wangejivunia usahihi huo. Pili ni suala la kumbukumbu. Thorpe na North walichapisha pamoja mwaka 1965 habari za tiva wa kawaida, wa ukoo uleule wa huyu wa pwani, na kueleza kwamba kila jozi ina mitindo yake iliyoitunga na kuizoea. Mmoja akiwa hayupo, aliyebaki huweza kuimba sehemu zote mbili peke yake, na mwenzake akirejea kila mmoja hurudia nafasi yake. Kwa maneno mengine, kila mmoja amebeba kichwani wimbo mzima, ukiwamo ule wa mwenzi.

Thorpe alieleza kwamba uwezo wa kuiga huenda ulikua kwa sababu hiyo: katika majani mazito ambamo macho hayafiki mbali, jozi hujuana na kushikamana kwa sikio. Anayesimama leo pembeni ya kichaka cha Kimbiji saa 12 asubuhi hapati shida kuikubali hoja hiyo. Kazi kubwa iliyokusanya uchunguzi huo wote ilitoka mwaka 1972, na miongoni mwa walioiandika ni mwanamuziki Joan Hall-Craggs.

Kizazi kilichofuata kilihamia ndani ya fuvu. Peter Marler, mwanafunzi wa Thorpe, alikwenda California, akaonyesha kwamba shomoro wenye utosi mweupe wanaoizunguka ghuba ya San Francisco wana lahaja: ndege wa upande mmoja huimba tofauti na wa upande wa pili, na lahaja hiyo hurithishwa kwa kusikia, si kwa damu. Mwanafunzi wake Masakazu Konishi alionyesha mwaka 1965 kwamba kinda likipoteza usikivu kabla ya kuanza kuimba, wimbo wake hugeuka mkwaruzo, hata kama lilikwisha kusikia wimbo wa wakubwa. Ndege lazima ajisikie mwenyewe.

Marler pia aliijua Afrika Mashariki vizuri. Katika miaka ya 1960 alirekodi mbega na kima wa misitu ya Uganda, kisha akafika Gombe, Kigoma, kurekodi sokwe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall. Alitafuta huko kile alichokiona kwa shomoro na hakukikuta, kwani milio ya sokwe haikuonyesha dalili ya kufundishwa kama wimbo wa ndege. Mwaka 1977 Robert Seyfarth na Dorothy Cheney, waliokuwa wakifanya kazi naye, walianza uchunguzi Amboseli, Kenya, na mwaka 1980 wakatoa ripoti maarufu inayoonyesha kwamba tumbili wana mlio mmoja wa kuonya juu ya chui, mwingine wa tai na mwingine wa nyoka. Tumbili, basi, wana maana nyingi kuliko ndege lakini karibu hawana cha kujifunza katika kutoa sauti. Ndege hujifunza kutoa sauti kwa ustadi mkubwa ilhali maana ya wimbo wao ni finyu. Ulinganisho huo uliotokana na mbuga za Afrika Mashariki umeendelea kutumika kila lugha ya binadamu inapojadiliwa.

Mwanafunzi mwingine wa Marler, Fernando Nottebohm kutoka Argentina, ndiye aliyeifungua njia ya ubongo. Mwaka 1976 yeye na wenzake walieleza mnyororo wa vituo vya neva vinavyouendesha wimbo wa chiriku wa Kanari. Kituo kimoja, kinachojulikana kwa herufi HVC, hupanga mfuatano wa noti. Hupeleka amri kituo cha pili kiitwacho RA. Na hicho hufikisha amri kwenye misuli ya kiungo cha sauti kilichopo pale bomba la pumzi linapogawanyika. Njia nyingine ya pembeni hutumika hasa wakati wa kujifunza. Mwaka huohuo Nottebohm na Arthur Arnold walionyesha kwamba vituo hivyo kwa dume ni vikubwa mara kadhaa kuliko kwa jike. Baadaye Nottebohm aligundua kwamba kwa dume la chiriku wa Kanari vituo hivyo hupanuka majira ya kuchipua na kusinyaa majira ya vuli, na mwaka 1983 yeye na Steven Goldman wakathibitisha kwamba seli mpya za neva huzaliwa katika HVC ya ndege mzima. Wakati ule vitabu vya tiba vilifundisha kwamba ubongo wa kiumbe aliyekomaa hauongezi seli. Kanuni hiyo ilianza kuporomoka kwa ajili ya ndege wa kwenye tundu.

Ugunduzi huo ni mkubwa na hauna wa kuupuuza. Ila ulikuwa na upande mmoja uliokosekana. Chiriku wa Kanari na ndege wengine wa maabara ni wale ambao dume huimba, na jike huimba kidogo au haimbi kabisa. Kutoka kwao ikatokea hesabu iliyoonekana kukamilika: kituo kikubwa, wimbo mwingi, kituo kidogo, ukimya. Hesabu hiyo ilihitaji kupimwa kwa ndege ambao jike huimba sawa na dume, na ndege hao wamejaa Afrika.

Waliofanya kipimo hicho walikuwa watafiti wa taasisi ya Max Planck iliyoko Seewiesen, Bavaria. Wolfgang Wickler na Uta Seibt walianza mnamo miaka ya 1970 kuchunguza ndege wanaopokezana kwenye nyika za Afrika Mashariki, wakiwamo zuwakulu na tiva wa rangi ya majivu, anayekaa kwenye miiba ya nchi kavu na hafiki pwani ya Dar es Salaam. Kwa tiva huyo, dume ana nyimbo zake na jike ana zake. Makinda waliolelewa kwenye vizimba walionyesha jambo la kupendeza: vijana wa kiume hujifunza kwa wakubwa wa kiume na vijana wa kike kwa wakubwa wa kike, ingawa wote wanasikia kila kitu. Wickler na mwenzake Sonnenschein walilichapisha hilo mwaka 1989. Kujifunza, basi, si kuiga kila kinachoingia sikioni. Kuna uchaguzi, na uchaguzi huo unajua nani ni mwalimu wa nani.

Mwaka 1998 Manfred Gahr, pamoja na Sonnenschein na Wickler, walipima ubongo wa tiva hao. Idadi ya nyimbo za jike na za dume inalingana. Kwa hesabu ya awali vituo vyao vingepaswa kulingana pia. Havikulingana: vya dume vilikuwa vikubwa zaidi. Mwaka 2008 Gahr na wenzake walitoa matokeo ya ndege mwingine mgumu zaidi kwa nadharia, yaani mnana wa msituni mwenye mgongo mweusi na tumbo la manjano, ambaye dume na jike huimba wimbo uleule mmoja kwa pamoja, noti kwa noti. Spishi hii ipo Afrika Kusini, ambako uchunguzi wake wa porini ulifanyika, na ipo pia katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. HVC ya dume ilikuwa kubwa na yenye seli nyingi zaidi, lakini ya jike ilikuwa na kiwango cha juu zaidi cha utendaji wa jeni za protini zinazotumika pale seli moja ya neva inapokutana na nyingine. Wimbo mmoja, njia mbili za kuujenga ndani ya kichwa. Hapa ndipo ukubwa wa kituo ulipopoteza hadhi ya kuwa kipimo tosha cha wimbo, na ni haki kusema kwamba bila ndege wa Afrika jambo hilo lingechelewa sana kuonekana.

Hatua iliyofuata ilikuwa kusikiliza ubongo wenyewe wakati ndege wanaimba porini. Mnana wa nyika mwenye nyusi nyeupe, anayeonekana Kenya, Tanzania ya kati na kusini mwa bara, huishi kwa makundi ambamo dume mkuu na jike mkuu hupokezana. Kikundi cha Seewiesen, kikiongozwa na Susanne Hoffmann, kiliwavisha ndege wa Kalahari vipaza sauti vidogo mgongoni na visambazaji vya mawimbi ya neva kichwani, kisha kikawaacha huru mtini kwao. Ripoti yao ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba dume anapoanza na jike anapodakia, mapigo ya neva katika HVC za wote wawili huingia katika mwendo mmoja, na kinachousababisha ulinganifu huo ni sauti ya mwenzi inayofika sikioni. Jibu la swali la Thorpe la mwaka 1963, jinsi wanavyowahi hivyo, likaanza kupatikana.

Nayo kanuni kwamba mwimbaji ni dume iliangushwa rasmi mwaka 2014. Karan Odom na wenzake walikagua mamia ya spishi za ndege waimbao duniani kote na kukuta kwamba majike huimba katika asilimia 71 ya spishi zenye taarifa za kutosha. Ukoo wao ulipofuatwa hadi nyuma kabisa, ilidhihirika kwamba babu na bibi wa ndege waimbao wote waliimba wote wawili. Ukimya wa majike wa Ulaya ulikuja baadaye.

Dudumizi naye ana nafasi katika historia hii ingawa si ndege mwimbaji na mlio wake haujifunzwi. Kwenye ardhi oevu ya Usangu, mkoani Mbeya, Wolfgang Goymann wa Seewiesen alianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kumchunguza dudumizi mweusi. Jike ni mkubwa kuliko dume, ndiye anayelia kutangaza eneo na kulipigania, na huweza kuwa na madume kadhaa. Kila dume huatamia na kulisha makinda peke yake. Matarajio yalikuwa kumkuta jike ana homoni nyingi za kiume kwenye damu. Hazikuwa nyingi. Tofauti ilionekana mwaka 2007 kwenye ubongo: katika kituo kimoja kinachohusika na tabia za kijamii, jike ana vipokezi vingi zaidi vya homoni hizo. Kiasi kidogo kinasikika kwa nguvu kwa sababu masikio ya seli ni mengi. Mtanzania Ignas Safari wa Chuo Kikuu cha Dodoma ni miongoni mwa walioendeleza utafiti wa Usangu, na dudumizi wa nyusi nyeupe, ambaye ni yule wa Kigamboni, amechunguzwa huko pia: dume na jike wake nao hupokezana, sauti ya mwenye mwili mkubwa, yaani jike, ikiwa nene zaidi.

Ndege wadogo wa viwanjani wametoa somo lao. Fumbwe na jamaa zake hawajengi viota. Hutaga kwenye viota vya mshigi na kumwachia kazi ya kulea. Mjerumani Jürgen Nicolai alieleza mwaka 1964 kwamba madume wa baadhi ya spishi za jamii hii huimba nyimbo za wale waliowalea. Mmarekani Robert Payne alilifuatilia hilo kwa miongo kadhaa, akihusika hasa na yule mdogo mweusi mwenye mng'ao wa buluu anayemtegemea mshigi mwekundu. Alipowalea makinda wake chini ya ndege wa kufugwa wa spishi nyingine kabisa, madume walikua wakiimba wimbo wa walezi hao wapya, na majike waliolelewa hivyo wakawapendelea madume wenye wimbo huo na kwenda kutaga kwenye viota vya walezi hao. Kosa moja la kutaga kwenye kiota kisicho cha kawaida linaweza, kwa njia ya kujifunza tu, kuanzisha ukoo unaojitenga na wengine. Na uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2003 uliafiki kwamba spishi mpya zimezaliwa kwa njia hiyo.

Kwenye safu za milima ya Tao la Mashariki jambo limekwenda kinyume. Jay McEntee na Rauri Bowie wa Chuo Kikuu cha California, wakishirikiana na Watanzania Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Elia Mulungu na Maneno Mbilinyi, walirekodi chozi wa vilele mbalimbali, wale wenye mikanda miwili kifuani. Kilele kimoja na kingine hutenganishwa na bonde la joto ambalo chozi wa baridi halivuki. Ilitarajiwa kwamba wimbo unaojifunzwa, ukipita kinywa hadi kinywa kwa vizazi visivyohesabika, ungebadilika polepole kila mlima. Matokeo ya mwaka 2021 yalisema vingine: makundi yaliyotengana kwa mamia ya maelfu ya miaka bado yanaimba karibu wimbo uleule, ilhali mengine yamebadilika kwa mruko mmoja mkubwa. Katika milima ya Udzungwa, ambako spishi mbili zinakutana, nyimbo zao zinatofautiana waziwazi, na kila moja inashika upande wake.

Kigamboni yenyewe imekuwa sehemu ya swali jipya zaidi, la ndege waimbao na mji. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa tarehe 19 Aprili 2016, wakati Kigamboni ikisimama kama wilaya iliyomegwa kutoka Temeke. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ya 2022 idadi ya wakazi imekaribia kuwa maradufu na kupita 300,000. Vichaka vinafyekwa, viwanja vinapimwa, kuta za matofali zinapanda. Kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara, hufuata makazi ya watu na hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Katikati ya Dar es Salaam amewapunguza vibaya. Upande mmoja ulipata nafuu Machi 2016, Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, baada ya miongo ambayo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza ndege wengi zaidi wa porini duniani, mshigi na chiriku wakiwamo.

Kelele nazo zina uzito wake. Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walionyesha mwaka 2003, mjini Leiden, Uholanzi, kwamba ndege wanaoishi penye magari mengi hupandisha sauti ili wasizibwe na muungurumo. Mwaka 2020, magari yalipopungua San Francisco kwa sababu ya uviko, shomoro wenye utosi mweupe, walewale wa Marler, walishusha sauti na kuimba kwa upole zaidi. Sauti nene hupenya vizuri kwenye majani mazito, na ndiyo inayomfaa tiva kichakani; lakini barabarani sauti nene ndiyo ya kwanza kumezwa na malori. Jike asipoisikia vizuri mbinja ya dume, hana mahali pa kudakia.

Kulifuatilia jambo hilo hakuhitaji tena mashine ya kuchoma karatasi. Michoro ambayo Thorpe aliisubiri kwa dakika kadhaa sasa hutokea kwenye kioo cha simu papo hapo ndege anapolia. Maktaba ya sauti ya Cornell, na ile ya Xeno-canto iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2005, hupokea rekodi kutoka kwa yeyote, mtaalamu au mwanafunzi wa sekondari, mradi aandike mahali, tarehe na saa aliyorekodi, na kama walioimba ni mmoja au wawili.